Taulo la Kijani Kwenye Nguzo ya Kushoto

Tangu nivue glovu msimu uliopita, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu penalti wala bega langu. Watu wanataka kujua lile taulo liko wapi. Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa msibani, nimeulizwa na daktari wa mifupa huku ananipinda mkono. Juzi mke wa imamu wetu hapa Likombe alinivuta pembeni arusini, nikadhani ana jambo zito la kunieleza, kumbe na yeye shida yake ni taulo.

Basi nimeona niandike, niwapumzishe wote kwa mkupuo mmoja. Hasa nawaandikia nyinyi makipa mliobaki kazini na mtakaokuja. Mimi ni Somoe Chitanda. Nimekaa langoni mwa Mikoko Queens ya hapa Mtwara tangu timu ikifanya mazoezi kwenye mchanga pamoja na mbuzi wa watu, mpaka ilipopanda ligi kuu ya wanawake na kuanza kusafiri kwa basi lenye pazia. Taulo nitasema liko wapi, ila mwishoni. Kipa ni mtu wa kusubiri, nanyi anzeni kujizoeza.

Nimezaliwa Kitaya, kando ya mto Ruvuma, ambako jogoo wa Msumbiji akiwika upande wa pili na sisi tunaamka. Wazazi wangu wanalima muhogo na mikorosho. Mpira kule ulikuwa wa wavulana, na sisi wasichana tuliupisha upite kama tunavyopisha ng'ombe. Nilipomaliza darasa la saba nililetwa mjini, Likombe, kwa mama mdogo, na kwa kuwa mama mdogo hakupenda mtu wa kukaa, wiki ileile alinitafutia kibarua cha kupokea matofali.

Kibarua hicho ndicho chuo changu, kwa hiyo nitakieleza vizuri. Lori linakuja na matofali ya kuchoma kutoka Masasi. Mmoja anasimama juu ya lori, mwingine chini, mwingine juu ya jukwaa la mafundi, na tofali linarushwa mkono kwa mkono mpaka linapofika kwa fundi. Mimi niliwekwa juu ya jukwaa kwa sababu nilikuwa mwepesi. Siku ya kwanza nililisubiri tofali kwa mikono iliyokakamaa, likanichubua viganja vyote viwili. Mwanamke aliyekuwa chini yangu akanicheka, akasema, "Usiligombeze, we mtoto. Lipokee kama mgeni, urudi nalo nyuma kidogo." Nikaanza kurudi nalo nyuma. Mikono inalifuata linakokwenda, nalo linachoka lenyewe kabla halijakuumiza. Makocha wa kutoka mbali wamekuja baadaye na video zao kutufundisha jambo hilohilo, na nilikaa nikawasikiliza kwa adabu.

Nyumba tuliyokuwa tunaijenga ilikuwa ya mtu mmoja anaitwa Elisante. Ni mtu wa Kilimanjaro, Mlutheri, alikuja Mtwara kuendesha winchi bandarini na akawa mwenyeji. Ujanani alikuwa kipa huko kwao, na alipofika huku hakupata amani mpaka alipoanzisha timu, hii yetu ya wasichana. Alikuja kukagua ujenzi wake, akasimama kututazama, nasi tukadhani ametuona tunavunja matofali.

"Binti," akaniita. "Tofali likija, unatazama wapi?"

"Silitazami tofali, baba. Namtazama anayerusha."

Akasogea karibu na jukwaa. "Mpira unaujua?"

"Naujua kwa kuuona."

"Inatosha," akasema, na fundi wake akakasirika maana kazi ilisimama.

Sasa hapa ndipo mtu wa Kilimanjaro alipokosea njia. Kwao jambo la mtoto linapelekwa kwa baba. Alipanda pikipiki hadi Kitaya, akakaa na baba yangu asubuhi nzima akimweleza faida za mpira. Baba alikubali kila neno, akamkaribisha muhogo wa kuchemsha, akamkaribisha chai, akamsindikiza mpaka barabarani. Kocha alipoanza kushukuru, baba akamwambia kwa upole, "Haya, sasa nenda ukamwambie mjomba wake." Sisi Wamakonde wa kwetu mtoto ana mjomba, na asubuhi ile yote ilikuwa mazungumzo tu.

Mjomba Hamisi alimsikiliza huku anachonga mpini wa jembe.

"Mpila utampa nini ntoto wa kike?" akauliza.

"Utampa kazi, mzee wangu."

"Na wakinfunga?"

"Watamfunga. Hakuna kipa asiyefungwa."

Mjomba akaacha kuchonga. Baadaye aliniambia ni jibu hilo lililomshinda, maana mtu wa kumchukua mtoto wako kwa kawaida huja na asali mdomoni. Akatoa sharti moja: "Basi akifungwa asije kulia hapa kwangu. Alie hukohuko, anyamaze, aendelee na kazi." Mama naye akaongeza lake, suruali ndefu na kilemba. Masharti yote mawili nimeyatimiza, na la mama limenisaidia zaidi, kwa sababu magoti yangu ni mazima na ya wenzangu waliodaka na kaptura kwenye mchanga ule yana ramani.

Glovu zangu za kwanza zilikuwa za kibandarini, za kubebea vyuma, alizonipa Kocha Elisante mwenyewe. Zilikuwa kubwa, na nikidaka mpira mkali glovu ilibaki na mpira, mkono ukatoka. Tulifanya mazoezi jioni akitoka zamu, kwenye kiwanja chenye mteremko upande wa baharini, hivyo kila mpira uliotoka ulikuwa na safari. Alifundisha kwa lugha ya winchi. "Mzigo ukiwa hewani hauna mwenyewe," alikuwa akisema. "Wote wanauogopa. Atakayeusemea ndiye mwenyewe." Maana yake krosi ikija usinyamaze. Paza sauti, "Wangu!", uende. Ukishasema wangu halafu ukabaki kwenye mstari, umewadanganya mabeki wako, na beki aliyedanganywa mara moja hakuamini tena mpaka mzeeke wote.

Nilikuwa na aibu ya kupaza sauti. Nilikuwa nanong'ona "wangu" kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Basi akanipeleka bandarini karibu na uzio, palipokuwa na malori ya korosho na makelele ya kila aina, akasimama upande wa pili wa barabara akaniambia niseme mpaka anisikie. Madereva walitoa vichwa madirishani. Mmoja akajibu, "Wako, dada, chukua!" Tangu siku hiyo sauti ikatoka na haijarudi, muulizeni mume wangu.

Mechi yangu ya kwanza ya kweli nilifungwa goli la kizembe, mpira ulipita chini ya tumbo langu polepole, ungeweza kuusalimia. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichokuwa kibaya. Nilimfokea beki ambaye hakuhusika. Nikawatazama watazamaji. Nikaitazama mikono yangu nikaona jasho linachuruzika mpaka kwenye viganja, mnajua joto letu la pwani, na glovu iliyolowa jasho ni sabuni. Kabla sijamaliza kuyatazama hayo yote, la pili likaingia.

Kesho yake Kocha Elisante alikuja na taulo la kijani. Lilikuwa la nyumbani kwake, mkewe alilitafuta wiki nzima. Akalitundika kwenye nguzo ya kushoto akaniambia, "Hili lina kazi mbili. Ya kwanza, kukausha mikono. Ya pili ndiyo kubwa. Ukifungwa, usimtazame mtu. Njoo hapa, vua glovu, ufute kidole kimoja kimoja, vyote, bila haraka. Ukimaliza kidole cha mwisho, goli limekwisha. Lililoingia ni la timu pinzani, wamelipata, walichukue. Wewe una mikono mikavu na mechi inaendelea."

Hiyo ndiyo siri yote ya taulo. Sina nyingine. Nimeisema redioni, nimeisema kwenye mafunzo, nimeisema kwa mama wakwe wawili, wangu na wa dada yangu. Hakuna aliyeniamini.

Mnajua mpira wetu. Kuna timu haziingii uwanjani kwa mlango wa kawaida, zinaruka ukuta na jezi zao safi. Kuna siku tulikuta chumba cha kubadilishia nguo kinanuka hivi kwamba tulivaa nje, nyuma ya basi, tumezungushiana kanga. Kwenye dunia ya namna hiyo kipa anayekwenda kwenye nguzo na kufuta kidole kimoja kimoja huku midomo imefungwa, mtasemaje? Wakasema taulo limefuliwa kwa maji ya Ruvuma na mganga wa ng'ambo. Wengine wakasema ni kipande cha sanda. Nikikanusha wananikonyeza: "Ndiyo, ndiyo, umekatazwa kusema." Kadiri nilivyokanusha ndivyo taulo lilivyozidi kupata nguvu.

Likaanza kuibwa. Wameiba Lindi, wameiba Songea, Dodoma aliingia mzee mzima na kanzu yake katikati ya mechi akaling'oa na kukimbia nalo, polisi wakamwacha apite kwa heshima ya umri. Moja liliharibiwa na wachezaji wetu wenyewe, kila mmoja alikata uzi akafunga mkononi, mpaka likabaki pindo. Nilikuwa nanunua mengine ya rangi ileile kwa muuza mitumba mmoja wa sokoni na kunyamaza. Sikuona haja ya kutangaza.

Lakini lilifanya kazi, hilo siwezi kulificha. Tulipopanda ligi kuu tulikwenda Dar es Salaam tukafungwa sita. Mara sita nilikwenda kwenye nguzo. Mwamuzi aliniuliza, "Kipa, umekuja kudaka au kufua?" Nilitaka ardhi ipasuke. Kwenye basi nilikaa kiti cha nyuma nikafunika uso kwa taulo lilelile, limelowa. Kocha Elisante akaja akakaa kando yangu, akasema, "La kwanza ulifuta vibaya, una hasira. La sita ulifuta vizuri sana." Nikacheka huku nalia. Nikakumbuka sharti la mjomba, nikalia hukohuko barabarani, tulipovuka daraja la Rufiji nikawa nimenyamaza. Mzunguko wa pili timu ileile ilikuja Mtwara ikaondoka bila goli.

Mengine ya katikati sitayaandika, yalikuwa kazi kama kazi nyingine. Amka, kimbia, daka, anguka, jipanguse. Anikeni glovu kivulini, jua linakula mpira wake. Kateni kucha siku moja kabla, msikate siku ya mechi. Msile ugali wa muhogo mchana wa mechi hata kama amepika mama yenu mzazi, mtafutieni sababu. Na upepo wa mchana wa uwanja wetu unatoka baharini, kwa hiyo krosi ya upande wa kulia inaanza mbali na kuishia kichwani mwako. Wageni hawalijui hilo.

Kocha Elisante alistaafu winchi na mpira kwa pamoja, akarudi kwao Kilimanjaro kwenye migomba yake. Lango la mazoezi likabaki kwangu, na nikaletewa Tatu.

Tatu ni mtoto wa wakulima wa korosho, Naliendele. Mikono mirefu, anaruka mpaka unajiuliza atashukia wapi. Mazoezini sijaona kipa kama yeye, mimi nikiwemo. Shida yake ilikuwa moja: akifungwa, alikuwa amekwisha. Mabega yanashuka, macho yanakwenda kwangu kwenye benchi, na la pili linaingia kama lilivyoingia langu. Nilimweleza siri ya taulo kama nilivyoelezwa. Akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, dada," na macho yake yakaniambia kwamba anasubiri siku nitakapomwamini vya kutosha nimwambie ile ya kweli.

Msimu wangu wa mwisho ulikwenda vibaya. Mechi ya mwisho ilitukuta tuko mkiani pamoja na Tausi, timu ya mbali, na ratiba kwa utani wake ilikuwa imetupanga wenyewe kwa wenyewe, kwetu. Sare ilitutosha. Tukifungwa tunashuka daraja, na mfadhili wetu alikwishasema wazi kwamba timu ya daraja la chini haitaki. Maana yake Mikoko Queens inakufa. Wasichana wale wanarudi makwao, na wengine najua kilichokuwa kinawasubiri huko ni posa walizozikimbia. Tatu alikuwa mmoja wao.

Siku ya Jumanne, mazoezini, nilidaka mpira wa kawaida kabisa nikaangukia bega. Lilitoka. Nilisikia lilivyotoka. Daktari alilirudisha, akanifunga mkono kifuani, akaniambia nisiguse mpira mpaka aseme yeye, na akaongeza, "Na taulo hilo ni kweli la Msumbiji?"

Nitasema kweli, niliona wivu. Nimeilinda timu ile nusu ya umri wangu, na siku ya kufa au kupona nakaa benchi na mkono shingoni, natazama mtu mwingine amesimama mahali pangu. Nililia. Halafu nikaona haya, kwa sababu Tatu alikuwa analia kuliko mimi.

Mzee Bakari alikuja nyumbani. Huyu ndiye mwenyekiti wa kile tunachokiita kamati ya ufundi, na msidhani ni ufundi wa mpira. Ni mzee mwema, anaipenda timu kwa dhati.

"Mwanangu Somoe," akasema, "tumekaa kamati. Taulo apewe Tatu."

"Mzee wangu, taulo ni taulo."

"Tunaelewa," akasema, na akanikonyeza.

Nikalitoa. Nilifikiri, kama kitambaa kitamsaidia mtoto kusimama, kwa nini nimnyime? Tatu alilipokea kwa mikono miwili, amepiga goti. Sikupenda nilipomwona vile, lakini nikamwacha aondoke nalo.

Siku ya mechi uwanja ulijaa. Tatu alilitundika taulo kwenye nguzo ya kushoto, akarudi nyuma akalitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaanza kupasha misuli. Kijana mmoja mwenye trakisuti alikuwa anaokota mipira nyuma ya lango, kila mtu akadhani ni wa upande mwingine. Akaokota mpira, akaokota mpira, akaokota taulo. Akatoka mbio. Uwanja mzima ukapiga kelele, mgambo wawili wakamfuata, na alipofika ukutani alipanda kwa namna ambayo ilionyesha amefanya mazoezi.

Tatu aliketi chini palepale langoni. Tulimwinua tukamwingiza chumbani. Akaketi tena sakafuni.

"Dada, siingii. Watanifunga. Siingii."

Mzee Bakari alikuwa anazunguka chumba, anataka mtu atumwe Mikindani haraka, kwa nani sijui, na mwamuzi amekwisha kuita timu. Wenzake Tatu wanamtazama yeye, kisha wananitazama mimi. Timu yetu ilikuwa inafia pale chumbani kabla ya mpira kupigwa.

Nikaomba niletewe begi langu. Nikalifungua kwa mkono mmoja, nikatoa taulo la kijani. Chumba kikashusha pumzi. Nikatoa la pili. Halafu nikatoa la tatu, ambalo bado lilikuwa na karatasi ya bei ya muuza mitumba imebanwa kwa pini.

Mzee Bakari akayatazama kwa zamu. "Sasa... la kweli lipi?"

"La kweli mke wa Kocha Elisante alilichukua akapigia deki, mzee wangu. Zamani sana. Haya yote nimenunua."

Tatu alishika ile karatasi, akaisoma pande zote mbili. Nilimwona anaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtisha kuliko wizi.

"Kwa hiyo hakuna kitu," akasema. "Ni sisi tu?"

"Ni sisi tu, mdogo wangu."

"Na zile penalti zote?"

"Nilidaka kwa mikono."

Akaitazama mikono yangu, mmoja umefungwa kifuani, mwingine umeshika taulo. Nikamwambia tena lile nililoambiwa na mwalimu wangu, na safari hii nililiona linaingia. Kwamba watamfunga. Hakuna kipa asiyefungwa. Kwamba akifungwa aende kwenye nguzo, afute kidole kimoja kimoja, na akimaliza, mechi inaanza upya. Nikamnyooshea taulo lenye karatasi. Mwamuzi akapiga filimbi mlangoni, Tatu akainuka akatoka. Taulo likabaki mkononi mwangu. Mpaka leo sijui alisahau au aliacha.

Walimfunga mapema. Shuti la mbali, lilimgonga beki likageuka njia, hata mimi lisingenihurumia. Washabiki wa Tausi wakaanza kuimba, "Taulo tunalo! Taulo tunalo!" Kwenye benchi nilishika bega langu likaniuma, sikujali. Nilijua kitakachofuata. Mabega yatashuka, macho yatakuja kwangu.

Hayakuja. Tatu alitembea hadi kwenye nguzo ya kushoto, isiyo na kitu. Akavua glovu. Akaanza kufuta, kwa pindo la jezi yake, kidole kimoja, na cha pili, na cha tatu. Polepole. Wale walioimba wakapunguza sauti, wanajaribu kuona anafutia nini. Mwamuzi akampungia mkono aharakishe, naye akamalizia kidole gumba kwa adabu zote. Kisha akavaa glovu, akapiga makofi mawili, akawaita mabeki.

Nililia tena pale benchini, na huyu hapa mtu anayewafundisha wengine kujizuia.

Tulisawazisha kipindi cha pili kwa kichwa. Baada ya hapo Tausi walitujia wote. Tatu alipangua shuti moja, akadaka jingine kifuani, akarudi nalo nyuma kidogo kama tofali. Mwisho kabisa wakapata kona, upande wa kulia, ule wa upepo. Kipa wao mwenyewe akapanda. Mpira ukapigwa juu, ukaanza kujipinda kurudi langoni, watu wote wakajazana mbele ya Tatu, na mzigo ukawa hewani hauna mwenyewe.

"WANGU!"

Nadhani ilisikika bandarini. Mabeki wetu waliinama wote kwa pamoja kumpisha, na mikono ile mirefu ikatoka juu ya vichwa ikauchukua. Akaanguka nao, akaukumbatia, akabaki chini mpaka filimbi. Ikawa sare, na Mikoko Queens ikabaki ligi kuu.

Tulipokuwa bado tunaimba chumbani, mlango uligongwa. Ni mama mmoja mtu mzima wa msafara wa Tausi, uso umekunjamana, ameshika kifurushi cha gazeti.

"Taulo lenu hili," akasema. "Tumelilowesha, tumelifukizia, halina chochote. Mlituwekea la bandia. Huo si uungwana."

Mzee Bakari akalipokea, akamwomba radhi.

Jioni nilimpigia simu Kocha Elisante kule migombani. Nilitaka kumhadithia yote, ile karatasi, ile kona, yule mama. Aliniuliza moja tu.

"Alifuta?"

"Alifuta, mwalimu. Vyote."

"Basi," akasema. Nikamsikia anamwita mkewe amweleze.

Sasa nimefika kwenye swali lenu. Taulo lile walilorudisha Tausi liko hapa Likombe, kwenye kamba ya uani. Lilikaa wiki nzima linanuka udi na limau, sasa limetulia, nalikaushia vikombe. Siku nilipoaga rasmi nililifua, nikalipiga pasi, nikampelekea Tatu mazoezini, nikijua makipa tunapenda kukabidhiana kitu. Alilishika, akalinusa, akacheka, akanirudishia.

"Kaa nalo, dada," akasema, huku anavaa glovu. "Mie vidole ninavyo."